Isikilize Oili Kabla ya Kufungua Injini

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu iendayo Isebania, pale ipitapo Rongo na Awendo kabla ya kuufikia mji wa Migori, hahitaji muda mrefu kutambua kwamba riziki ya nchi hii imepakiwa juu ya malori. Kuna malori ya miwa yaelekeayo kiwanda cha South Nyanza, ambacho kampuni yake iliundwa mwaka 1976, na mengine yaendayo kiwanda cha Ndhiwa. Kuna matipa ya mchanga uliochotwa ufukoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay na Karachuonyo. Kuna magari yabebayo mawe ya dhahabu ya Macalder, na yale yashindanayo na jua ili omena na samaki wa Mbita, Sori na Muhuru Bay wafike sokoni kabla ya kuharibika. Na kuna mahindi yavukayo mpaka wa Sirare kwa magunia. Lori moja likilala gereji katika msimu wa mavuno, hasara haimwangukii mwenye lori peke yake. Humwangukia dereva, utingo, wapakiaji, na mkulima ambaye miwa yake imekwisha kukatwa nayo yakauka shambani.

Aghalabu malori haya hayako tena katika hali yaliyotoka nayo kiwandani. Canter au Isuzu iliyonunuliwa kuukuu huongezwa urefu wa bodi na hutiwa springi za ziada. Pampu ya dizeli hufunguliwa ili imimine mafuta mengi zaidi. Injini ambayo asili yake haina tabo hufungwa tabo. Injini iliyochoka hung'olewa, na mahali pake pakawekwa nyingine iliyotumika Japani, ambayo pengine si ya aina ile ile. Na themostati hutolewa ikatupwa, kwa imani kwamba bila hiyo injini itapoa vizuri zaidi. Si haki kuyalaani mabadiliko haya yote kwa neno moja. Ziwa hilo liko katika kimo cha mita 1,134 hivi juu ya bahari, ilhali mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na lori lenye shehena ya mchanga hutakiwa lipande tofauti hiyo yote katika hewa izidiyo kuwa hafifu. Na tabo ni tiba ya kweli ya hewa hafifu, tangu Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipoipatia hataza fikira yake mwaka 1905. Taabu huanza pale injini inapopewa nguvu mpya bila ya mtu yeyote kufikiri kwamba oili nayo imepewa mzigo mpya.

Neno langu katika makala hii ni moja: injini iliyobadilishwa ikionyesha kasoro ya oili, uchunguzi na uanzie pale palipobadilishwa, nao uende kwa taratibu, kutoka jambo lisilogharimu kitu hadi lile ligharimulo fedha nyingi. Kadhi mwadilifu hahukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi, na katika injini shahidi aliyepita kila chumba na kugusa kila chuma ni oili. Mafundi wengi hodari wa vibanda vya jua kali wanalijua jambo hili; lakini haraka ya mwenye lori, na tamaa ya kusikia sauti ya injini kesho asubuhi, huwalazimisha kupasua kwanza na kuuliza baadaye.

Oili hupewa kazi nne kwa wakati mmoja: hulainisha, hupoza, husafisha na huziba. Huzuia chuma kisisagane na chuma; hubeba joto la pistoni na kulipeleka sampu; huchukua masizi ya dizeli na kuyashikilia yasigandamane; na huziba upenyo mwembamba ulio baina ya ringi na ukuta wa silinda. Pampu ikifunguliwa, masizi na joto huongezeka. Tabo ikifungwa, oili ile ile hutakiwa ihudumie mhimili mdogo unaoweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, jirani na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Themostati ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, na unyevu na dizeli iliyopenya ndani ya oili havipati joto la kuvifukuza. Kila badiliko lina dalili zake, na anayeyajua mabadiliko ya lori lake amekwisha kupata nusu ya jawabu.

Kabla ya kuzieleza dalili hizo, yafaa kuondoa hofu moja isiyo na msingi. Weusi wa oili ya dizeli si kasoro. Oili mpya iliyotiwa leo katika injini yenye umri hugeuka nyeusi baada ya safari chache tu, kwa sababu imeyachukua masizi, na hiyo ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya. Yanayostahili kutazamwa ni mambo mengine: kiasi chake, uzito wake, harufu yake, na chembe zilizomo ndani yake.

Tuanze na kiasi, na swali la kwanza kabisa ni kama kipimo chenyewe ni cha kweli. Injini iliyohamishwa kutoka gari moja hadi jingine mara nyingi hubadilishwa sampu, kwa kuwa sampu ya asili hugonga ekseli, na dipstiki iliyobaki ikawa ya sampu ya zamani au hata ya injini nyingine kabisa. Lori la namna hii laweza kuendeshwa mwaka mzima likiwa na upungufu wa oili, au likiwa na oili nyingi kupita kiasi, huku alama za dipstiki zikishuhudia uongo. Dawa yake ni nyepesi. Egesha lori mahali tambarare, likiwa halina mzigo, mwaga oili yote ingali moto, badilisha filta, tia kiasi kile hasa kilichoandikwa katika kitabu cha injini na sampu hiyo, washa kwa dakika moja ili filta ijae, zima, ngoja robo saa, kisha ingiza dipstiki. Pale oili ilipofika ndipo mstari wa juu wa kweli, na hapo pigwe alama kwa tupa. Ikiwa sampu imekatwa na kuchomelewa upya, kiasi cha kitabu hakifai tena, na fundi hana budi kupima kutoka ukingo wa sampu ili ahakikishe kwamba oili haifiki kimo cha kranki.

Kuhakikisha hivyo si anasa. Oili ikizidi, kranki huipiga ikawa povu, na povu halilindi chuma. Geji ya nguvu ya oili hutetemeka, na oili hutupwa nje kwa njia ya bridha, hata mwenye lori akaamini kwamba ringi zimekwisha na akaanza kutafuta fedha za kufungua injini ambayo haina kosa. Kadhalika, sampu ambayo kina chake kimehamishwa kutoka nyuma kuja mbele huenda ikaacha bomba la kufyonzea oili likifyonza hewa lori lipandapo au literemkapo mlima. Dereva akikuarifu kwamba geji huanguka katika mteremko mrefu tu, na hurudi mahali pake barabara inapokuwa sawa, usimkanushe. Amekupa habari yenye thamani kubwa kuliko kelele zote za gereji.

Baada ya kipimo kusadikika, tazama kama oili inaongezeka au inapungua. Oili ikiongezeka bila ya mtu kuitia, kuna kitu kingine kilichoingia, na kitu hicho ni dizeli au maji. Dizeli hujulikana kwa harufu na kwa wepesi: oili huteleza vidoleni bila ya kushika, na geji hushuka kila injini inapopata moto. Atakaye ithibati na achukue kipande cha kioo safi, atie juu yake tone la oili mpya ya aina ile ile na tone la oili ya injini, viwili hivyo vikiwa na joto moja, kisha akiinamishe kioo taratibu. Matone hayo yatashuka sambamba ikiwa oili ni nzima. Tone la zamani likikimbia na kuliacha jipya mbali, oili imekatwa na dizeli. Na likibaki nyuma mno, limenenepa kwa masizi au kwa joto. Jaribio hili huchukua dakika chache, nalo halihitaji fedha.

Mahali pa kuitafuta dizeli hiyo hutegemea badiliko lililofanywa. Pampu iliyofunguliwa kupita kiasi humimina mafuta ambayo hayapati hewa ya kuungua, na mabaki yake huosha kuta za silinda yakateremka hadi sampu. Moshi mweusi mzito katika kila mlima ni tangazo la jambo hilo, na urejeshaji wa pampu katika kipimo chake kwenye meza ya majaribio ndio matengenezo ya kwanza. Ikiwa pampu haikuguswa, zipimwe nozeli kama zinadondosha, kisha sili ya mhimili wa pampu, kisha pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka tangi. Katika baadhi ya injini mpya, mabomba ya kurudisha dizeli yako chini ya kifuniko cha valvu, na uvujaji wowote huangukia moja kwa moja ndani ya oili. Hapo kufungua kifuniko hicho tu kwatosha. Mafuta ya taa yaliyochanganywa katika dizeli, uovu ulioifanya Serikali ya Kenya mwaka 2018 itoze mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, hukausha pampu na nozeli na kuzifanya zivuje mapema. Kwa hiyo aangaliaye oili yake na aangalie pia anaponunua dizeli yake.

Maji yana dalili nyingine. Huifanya oili kuwa ya rangi ya maziwa, nzito na yenye utelezi wa malai. Lakini hapa hadhari kubwa yahitajika, kwa maana injini nyingi zimepasuliwa bure kwa sababu ya malai iliyoonekana chini ya kifuniko cha kutilia oili. Injini isiyo na themostati, iendayo safari fupi za asubuhi katika miezi ya masika, hukusanya mvuke katika kifuniko hicho, kwa kuwa ndipo mahali baridi kuliko pote, na mvuke huo hugeuka malai hata kama gasketi ya hedi ni nzima kabisa. Basi usikitazame kifuniko peke yake, tazama dipstiki. Malai ikiwa kifunikoni tu, na oili ya dipstiki ikawa safi, na maji ya rejeta hayapungui, rudisha themostati, kisha uende safari ndefu chache kabla ya kutoa hukumu.

Ukishuku kwamba maji yamo kweli, liache lori lilale usiku kucha bila ya kuwashwa. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo, weka chombo safi chini ya sampu na ulegeze nati ya kumwagia polepole mno, mpaka kitone kile cha kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, na katika usiku mmoja yale yasiyochanganyika hushuka chini kabisa. Kwa hiyo yakiwamo, ndiyo yatakayotangulia kutoka, wakati mwingine yakiwa na rangi ya dawa ya rejeta. Kaza nati mara uonapo oili. Ikiwa maji yamechanganyika nayo yasitengane, dondosha matone mawili matatu ya oili juu ya bati lililopashwa moto sana, mbali na dizeli na mbali na uso: oili safi hutoa moshi kimya, na yenye maji hupasuka kwa mlio.

Maji yakithibitika, bado gasketi ya hedi si mshitakiwa wa pekee. Injini nyingi za malori zina kipoza oili kilichozungukwa na maji ya injini, na kikitoboka, oili na maji hukutana humo. Injini ikiwa inazunguka, nguvu ya oili hushinda ya maji, na kwa hiyo oili huingia katika maji ya rejeta; injini ikizimwa, nguvu ya oili huisha ilhali maji yangali na msukumo wa joto, na maji huingia katika oili. Ukiona oili ikielea rejetani na maji katika sampu, ilhali hakuna viputo vya hewa rejetani na lori halipotezi nguvu, toa kipoza oili kwanza, kizibwe na kupimwa kwa hewa ndani ya ndoo ya maji. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Kufungua hedi, kuisaga na kununua gasketi ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi.

Oili ikipungua, swali ni kama inatoka au inaungua. Safisha injini, endesha siku moja, kisha pita chini yake na tochi, ukianzia juu, kwa kuwa oili hushuka na upepo huisukuma nyuma, na palipolowa siyo lazima ndipo panapovuja. Usisahau njia mbili za siri. Lori lenye breki za hewa lina kampresa inayolainishwa na oili ya injini. Fungua koki za matangi ya hewa jioni, na ikiwa yanatema oili nyingi badala ya maji kidogo, umempata mwizi. Katika Canter nyingi, pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya olteneta nayo hunywa oili ya injini, na sili yake ikichoka hulowesha olteneta mpaka isichaji tena.

Oili iunguayo hujulikana kwa moshi wa buluu, na wakati wa kutokea moshi huo ndio utoao maana. Ukitokea asubuhi wakati wa kuwasha, kisha ukaisha, dhana ielekee kwenye sili za valvu. Ukiandamana na lori likivuta mzigo mlimani, ringi na silinda zahusika. Ukija baada ya injini kunguruma muda mrefu bila ya mwendo, kama katika foleni ya miwa mlangoni mwa kiwanda, itazame tabo.

Na hapa kwenye tabo iliyoongezwa ndipo napenda tukae kidogo, maana ndipo fedha nyingi hupotea. Tabo hupokea oili kwa bomba jembamba lenye nguvu, lakini huirudisha sampu kwa uzito wake tu, bila ya msukumo. Kwa hiyo bomba la kurudishia sharti liwe pana, fupi, lenye kuteremka moja kwa moja bila ya kona, na liingie sampu juu ya kimo cha oili. Nenda ukalitazame lako. Ukikuta mpira mwembamba uliopindwa chini ya bomba la moshi, au tundu lililotobolewa chini sana ubavuni mwa sampu, au bridha iliyozibwa kwa uchafu hata hewa ya ndani ya injini ikaisukuma oili irudi juu, basi sili za tabo zitavuja hata ukinunua tabo mpya kila mwezi. Tazama pia silikoni iliyopakwa mahali pa gasketi: ile iliyobanwa ikaingia ndani hukatika vipandevipande, vikaenda kuziba chujio la bomba la kufyonzea oili, na injini ikafa kwa kiu ilhali sampu imejaa. Ukisha kurekebisha hayo, vua mpira wa kuingizia hewa na ushike mhimili wa tabo kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na baridi: kuchezacheza kidogo kwa upande ni desturi, lakini mapezi yakigusa nyumba yake, au mhimili ukisogea mbele na nyuma kwa namna ya kuonekana, tabo imekwisha. Na dereva afundishwe asizime injini ghafla baada ya kupanda mlima na mzigo. Aiache ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, ili oili iliyo ndani ya tabo isipikwe ikageuka makaa.

Mintarafu ya nguvu ya oili, geji ya dashibodi isiaminiwe mpaka ithibitishwe, hasa katika lori ambalo injini yake na geji yake zimetoka magari mawili tofauti. Fungua kihisio, funga geji ya mkono yenye bomba, kisha pima injini ikiwa moto. Mafundi wa kale wana kanuni isemayo kwamba pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini zatosha. Nayo ni kanuni njema ya kuanzia, ingawa kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho. Nguvu ikiwa ndogo, fuata mpango: kiasi cha oili, kisha wepesi wake kwa lile jaribio la kioo, kisha filta, kisha bomba jipya lililofungwa kulisha tabo, kisha chujio la sampu na valvu ya kupunguza nguvu, na mwisho kabisa pampu ya oili na beringi. Kutia oili nzito zaidi ili geji ipande ni kuificha dalili na kuyaacha maradhi yakiendelea. Na dawa za chupa zinazoahidi kuiponya injini kuukuu hufanya hivyo hivyo.

Filta iliyotolewa isitupwe kabla ya kufunguliwa. Ikate kwa kifaa cha kukatia mabomba, si kwa msumeno utakaoitia vumbi lake la chuma, kisha itoe karatasi yake, uikamue na kuitandaza juani. Pitisha sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Chembe zinazonaswa ni za chuma, za silinda, ringi au kemu. Zing'aazo zisinaswe ni za alumini, za pistoni. Na zenye rangi ya shaba hutoka kwenye beringi au bushi. Vumbi dogo kama unga si ajabu katika injini yenye umri. Vipande vinavyoonekana kwa jicho na kusikika ukuchani ni amri ya kusimamisha lori siku hiyo hiyo. Ukigusa mchanga laini usio chuma, rudi kwenye njia ya hewa. Barabara za shamba za Nyatike na Ndhiwa zina vumbi jingi, na aliyefunga tabo mara nyingi ameunganisha mpira wa hewa kwa klipu isiyobana. Tundu dogo baada ya chujio la hewa humaliza ringi mapema kuliko mzigo wowote. Mwenye malori mengi atapata faida pia akituma sampuli ya oili katika maabara za Nairobi au Mombasa, maana huko hupimwa madini ambayo jicho haliyaoni.

Oili yenyewe nayo ichunguzwe kabla ya kushitaki injini. Katika chupa tafuta herufi za API: herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Daraja la CF-4 ni la mwaka 1990, CH-4 la 1998 na CI-4 la 2002. Na injini iliyofungwa tabo au kufunguliwa pampu haistahili daraja la chini ya CH-4, ilhali CI-4 ya uzito wa 15W-40 huifaa vizuri zaidi, kwa kuwa hubeba masizi mengi bila ya kunenepa. Jiepushe na oili ya kupima, itokayo katika pipa lisilo na jina, maana hujui kama ilikwisha kutumika ikachujwa. Tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya, nunua kwa muuzaji mwenye duka la kudumu atoaye risiti, na chupa tupu uzikate kwa kisu kabla ya kuzitupa, ili wadanganyifu wasizijaze upya.

Pamoja na hayo, usihesabu kilomita peke yake. Wengi wamezoea kubadilisha oili kila kilomita 5,000, na ni desturi nzuri. Lakini tipa hunguruma likiwa limesimama huku likiinua bodi, na lori la miwa husogea hatua kwa hatua katika foleni, na muda huo wote hauandikwi na saa ya kilomita. Weka daftari ndani ya lori, na utingo aandike kila asubuhi kimo cha oili, kiasi kilichoongezwa, na tarehe. Daftari hilo litamwonyesha fundi kwa ukurasa mmoja kama oili ilianza kupungua kabla ya tabo kufungwa au baada yake, na swali hilo likijibiwa, mabishano mengi huisha.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni. Kuja na Migori ni mito imwagikayo ziwani, na ziwa hilo ndilo linywewalo na watu na kuvuliwa samaki hao hao wabebwao na malori yetu. Ihifadhiwe katika pipa lenye kifuniko, ikabidhiwe wakusanyaji wenye leseni; sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka hivyo, na insafu yataka zaidi.

Basi, ewe mwenye lori, kabla hujatoa idhini ya kufungua injini, mwulize fundi wako mambo matatu kwa heshima: amepima nini, amekuta nini, na limehusu badiliko gani lililofanywa katika injini hiyo. Fundi mwenye majibu hayo mlipe ujira wake kamili bila ya kumpunja, kwa maana amekuokolea injini. Asiyekuwa nayo mwombe apime kwanza, nawe usimame naye mpaka amalize.